Ukikoroma hadi pumzi ikatike, huenda daktari wa meno akakufaa

Mama mmoja aliingia katika kliniki yangu hapa Nakuru akiwa amemshika mumewe mkono kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Mume alikuwa dereva wa trela, mtu wa miraba minne, mwenye shingo nene na macho mekundu.

"Daktari," mama alianza hata kabla sijamwonyesha kiti, "huyu baba watoto hunikesha nikihesabu pumzi zake. Hukoroma, halafu ghafla hunyamaza. Nikihesabu hadi ishirini bila kusikia kitu, namsukuma kwa kiwiko. Siku nitakayolala mimi, nani atamsukuma?"

Mume alicheka. Alisema kukoroma ni kwa ukoo wao, na kwamba marehemu babake alikuwa akikoroma hadi mbwa wanabweka. Nilipomuuliza kama yeye husinzia mchana, kicheko kilikoma. Ilibidi mkewe amsemee. Majuma mawili kabla ya siku hiyo alikuwa akiteremka Sachangwan na shehena ya tani nyingi, na aliyemzindua ni utingo wake, tayari ameushika usukani kwa mikono miwili.

Mpenzi msomaji, wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba anayekoroma ndiye aliyelala fofofo. Huko ni kukosea kabisa. Kuna kukoroma ambako ni kelele tu za kumuudhi mwenzako wa kitandani, na kuna kukoroma ambako ni sauti ya mtu anayenyongwa polepole na koo lake mwenyewe usiku kucha. Huku kwa pili ndiko kulikomfikisha mgonjwa wangu Sachangwan katika hali ile. Na tiba iliyomfaa, jambo ambalo liliwashangaza yeye na mkewe, ilitoka kwa daktari wa meno.

KOO LINAPOJIFUNGA

Njia ya hewa kutoka puani hadi kwenye mapafu hupitia nyuma ya kaakaa laini na nyuma ya shina la ulimi. Sehemu hiyo haina mfupa wala gegedu la kuishikilia wazi. Hushikiliwa na misuli tu. Ukiwa macho misuli hiyo iko kazini bila wewe kujua. Ukilala hulegea, kama mikono na miguu inavyolegea. Ulimi hurudi nyuma, hasa ukilala chali, na kaakaa hushuka. Hewa inayopita kwenye upenyo mwembamba huitikisa nyama ile laini, na mtikisiko huo ndio mkoromo.

Njia ikizibwa kabisa, hakuna sauti tena. Kifua kinapanda na kushuka kikijaribu kuvuta, lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni katika damu hupungua, moyo huhangaika, na mwishowe ubongo hupiga kamsa: mtu hushtuka, huvuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, kisha hulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Huu ndio ugonjwa ambao madaktari huuita apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini. Kwa hesabu ya kitaalamu, pumzi ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa huhesabiwa kuwa ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 wa wastani, na 30 au zaidi ni mkali. Hebu piga hesabu: mwenye matukio 30 kwa saa akilala saa saba ameshtuliwa zaidi ya mara 200. Utamwambiaje mtu huyo kwamba amelala?

Si ugonjwa wa nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana hali hii kwa kiwango fulani. Wengi wao hawajui.

Madhara yake hayaishii kwenye kusinzia. Presha hupanda na hukataa kushuka hata kwa dawa, mapigo ya moyo huweza kwenda ovyo, na hatari ya kupatwa na kiharusi huongezeka. Wengine huamka na kichwa kinachouma, hukasirika bila sababu, husahau mambo, na hamu ya tendo la ndoa huwapungua. Wapo wanaume waliokuja kwangu kwa sababu ya jambo hili la mwisho pekee, nami nilipowauliza habari za kukoroma walidhani nawabadilishia mada.

WEWE JE?

Chukua tepu ya fundi wa cherehani upime shingo yako. Mwanamume anayevaa kola ya inchi 17 au zaidi, yaani sentimita 43, na mwanamke wa inchi 16, wamo katika kundi la kuangaliwa. Kisha ujiulize: je, nakoroma hadi nasikika chumba cha pili? Je, nachoka mchana hata nikiwa nimelala saa za kutosha? Je, kuna aliyewahi kuona pumzi yangu ikikatika? Nina presha? Nimenenepa kupita kiasi? Nimepita miaka 50? Ukiitikia maswali matatu au zaidi, usikae nyumbani. Mume kwa kawaida yumo hatarini kuliko mke, lakini mama akishakoma hedhi tofauti hiyo hupungua, na kwa vile akina mama huona haya kusema wanakoroma, hukaa miaka mingi wakitibiwa "uchovu" na "mawazo".

Usidhani pia kwamba ni ugonjwa wa wanene tu. Nimeona watu wembamba kabisa wenye taya dogo la chini lililorudi nyuma, ambao ulimi wao hauna pa kukaa isipokuwa kooni.

Kipimo chenyewe ni cha usiku mmoja. Kile kikamilifu hufanywa katika maabara ya usingizi, na kwa wakazi wa Nakuru mara nyingi hiyo ina maana ya safari ya Nairobi. Kipo pia cha nyumbani: unafungwa mshipi kifuani, kimrija puani na kibano kidogo kidoleni cha kupima oksijeni, unalala kitandani kwako, na asubuhi unakirudisha chombo kisomwe. Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine mazito ya moyo au mapafu, hicho cha nyumbani hutosha mara nyingi. Dereva wetu alipata matukio 24 kwa saa.

MASHINE NA KIFAA CHA MENO

Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ya CPAP, ambayo hupuliza hewa kupitia barakoa na kulishikilia koo wazi. Ilibuniwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, nao wakaitangaza mwaka wa 1981. Kwa ugonjwa mkali hakuna kinachoishinda, na mwenye ugonjwa huo aianze hiyo kwanza. Taabu yake ni kwamba wengi huivaa juma moja kisha wakaitupa juu ya kabati. Barakoa huwabana, pua hukauka, na wapo wanaoona haya kulala hivyo mbele ya wake zao. Isitoshe, mashine yahitaji stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, taa zilipozimika karibu nchi nzima, waliokuwa wakiitegemea bila betri ya akiba walilala na koo zao kama zamani.

Nikiwa hapo hapo, tahadhari moja kwa wanaonunua mashine za mitumba: Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mashine zake nyingi za aina hii kwa sababu sponji iliyo ndani ilikuwa ikichakaa na kutoa chembechembe ambazo mtumiaji angeweza kuzivuta. Kabla ya kulipa, hakikisha namba ya mashine haimo katika orodha hiyo.

Sasa mtazame dereva wetu. Usiku nne kati ya saba hulala kwenye kibanda cha lori lake, leo Salgaa, kesho Malaba. Zipo mashine zinazoweza kuunganishwa na betri ya gari, lakini alipoiona barakoa alitikisa kichwa. "Daktari, hiyo nitaivaa ukinitazama tu," aliniambia. Nilimshukuru kwa ukweli wake. Wengine hukubali mbele yako na kukudanganya miezi sita.

Hapo ndipo anapoingia daktari wa meno. Jaribu jambo hili ukiwa umekaa. Koroma kwa makusudi, kama unavyomwigiza mzee aliyelala. Sasa sukuma taya la chini mbele hadi meno ya chini yatangulie ya juu, kisha ujaribu tena kukoroma. Watu wengi huona sauti inakuwa ngumu kutoka au inapotea kabisa. Hilo si kipimo cha ugonjwa, lakini linakuonyesha siri yote ya kifaa. Msuli mkubwa wa ulimi umejishikiza nyuma ya mfupa wa kidevu. Taya likienda mbele, ulimi hufuata, na nafasi nyuma yake hupanuka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1923 Mfaransa Pierre Robin, daktari wa kinywa, alieleza jinsi ulimi wa watoto wenye taya dogo unavyoanguka nyuma na kuwaziba pumzi. Yeye alikuwa akitumia vifaa vya kulileta taya mbele tangu mwanzoni mwa karne hiyo. Kwa watu wazima wanaokoroma, mambo yalianza kushika kasi katika miaka ya 1980.

Kifaa ni vibao viwili vya plastiki ngumu, kimoja kikivishwa meno ya juu na kingine ya chini, vikiwa vimeunganishwa ili taya la chini likae mbele kwa milimita chache. Daktari wa meno atakuumisha kitu laini mfano wa unga uliokandwa, apate umbo kamili la meno yako, kisha kifaa kitengenezwe kwa kipimo chako. Siku ya kwanza hatalisukuma taya hadi mwisho. Ataanzia karibu nusu ya umbali unaoweza kulisogeza mwenyewe, kisha kwa majuma kadhaa litaendelea kusogezwa kidogo kidogo, wakati mwingine robo ya milimita tu kwa mara moja, hadi mkoromo ukome au taya lilalamike.

Je, kinafaa kwa wote? La hasha. Kwa makadirio ya jumla, thuluthi moja ya wagonjwa hupona kabisa maadamu wamekivaa, thuluthi nyingine hupata nafuu kubwa ingawa matukio hayaishi, na waliobaki hakiwasaidii vya kutosha. Mashine ya hewa hupunguza matukio zaidi. Hata hivyo, kifaa kinachovaliwa usiku mzima hukaribia kumfaidi mtu sawa na mashine inayovaliwa saa tatu na kuvuliwa. Mwaka wa 2015 vyama vya Marekani vya madaktari wa usingizi na wa meno vilitoa mwongozo wa pamoja kwamba mgonjwa aliyeshindwa na mashine, au anayependelea njia nyingine, apewe kifaa cha meno badala ya kuachwa bila tiba. Mwongozo huo huo ulisisitiza kifaa cha kutengenezewa, na mgonjwa apimwe tena usingizi akiwa amekivaa. Kipimo hiki cha pili ndicho wengi hukiruka. Ukikoma kukoroma haina maana kwamba pumzi zimekoma kukatika; unaweza kuwa umeondoa kelele ukabakisha ugonjwa.

Kuhusu vile vya bei rahisi vinavyochovywa kwenye maji moto na kuumwa nyumbani, maoni yangu ni kwamba kwa mwenye apnia ni hela zilizotupwa. Hulegea, hudondoka, na hakuna anayejua taya limesogea kiasi gani.

MENO YETU YA BONDE LA UFA

Kifaa hiki huning'inia kwenye meno, kwa hiyo meno yenyewe lazima yawe imara. Hapa kwetu jambo hili lina habari yake. Maji ya visima vingi vya Nakuru, Njoro, Gilgil, Elementaita na Naivasha yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana wengi waliokulia huku wana meno ya rangi ya kahawia. Rangi pekee haizuii chochote, na wagonjwa wanaoficha kinywa kwa mkono wakidhani daktari wa meno atawacheka wajue kwamba yeye huona meno kama hayo kila siku. Lakini pale floraidi ilipozidi sana, ganda la jino huwa na vishimo na hubanduka kwa urahisi. Jino la namna hiyo laweza kuhitaji kuzibwa au kuvishwa kofia kabla halijabebeshwa kazi ya kuvuta taya usiku kucha. (Kwa wazazi: meno huharibika yanapokuwa yakijiumba, miaka ya kwanza ya mtoto. Chujio za mifupa iliyochomwa, kama zile zilizoenezwa na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, hupunguza floraidi. Kuchemsha maji hakupunguzi.)

La pili ni pengo. Baadhi ya wazee wa jamii za Wakalenjin na Wamaasai waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini walipokuwa wadogo, kwa desturi ambayo wengi hueleza kuwa ilikuwa ya kuwezesha kumlisha mtu aliyefungwa kinywa na pepopunda. Mgonjwa wangu hana meno hayo, na alikuwa na hakika kwamba yamemkosesha tiba. Hayakumkosesha. Kinachotakiwa ni meno ya kutosha ya kushikilia pande zote mbili, hasa magego, na ufizi usio na ugonjwa. Aliye na meno yanayocheza, au aliyevaa meno bandia matupu juu na chini, kwa kawaida hawezi kukitumia. Vivyo hivyo aliye na maumivu makali ya kiungo cha taya.

Mtoto anayekoroma na kulala kinywa wazi ni habari nyingine. Huyo mara nyingi ana mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zilizovimba, na wa kumwona ni daktari wa masikio, pua na koo.

MATATIZO YAKE

Siku za mwanzo mate hutoka mengi hadi mto unalowa, au kinywa hukauka. Meno huuma kidogo asubuhi na taya huhisi kama limetafuna miwa. Mambo haya hupungua kwa majuma. Lisilopungua, na ambalo nataka ulijue kabla hujalipa, ni kwamba baada ya miaka meno huweza kusogea na magego ya juu na ya chini yakaacha kukutana vizuri. Wengine hawalioni, kwa wengine huwa kero ya kutafuna nyama. Ndiyo sababu daktari wa meno atakutaka urudi angalau mara moja kwa mwaka, na atakufundisha mazoezi ya kurudisha taya mahali pake kila asubuhi. Kioshe kifaa kwa mswaki, maji baridi na sabuni laini. Maji moto hukipinda.

Si kila kliniki ya meno hutengeneza kifaa hiki, kwa hiyo uliza kwanza, na uhakikishe unayemwona amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Fundi wa meno wa kando ya barabara asikusogeze taya. Uliza bei yote, pamoja na marudio na kipimo cha pili, na uulize bima yako kwa maandishi, kwani nyingi huona kukoroma kama jambo la urembo.

Kifaa hakiondoi mengine. Katika utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2000, kupunguza asilimia 10 ya uzani kulipunguza matukio kwa takriban robo. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano ya kupunguza uzani, kwa wanene wenye apnia ya wastani au kali, lakini bei yake bado si ya mshahara wa dereva. Pombe ya jioni hulegeza koo zaidi; ile nyama ya Kikopey pamoja na bia nne kabla ya kulala ni kumwalika adui. Vidonge vya usingizi ni vivyo hivyo. Lala ubavu, wengine hushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili wasiweze kulala chali. Na miraa, ndugu dereva, haikuondolei usingizi. Inakuficha tu usiuone unavyokuja.

MIEZI MITATU BAADAYE

Sehemu ngumu ya tiba haikuwa taya. Nilipomwambia dereva asiguse usukani hadi tuone nafuu, aliniuliza nani atalipa karo. Lilikuwa swali la haki, nami sikuwa na jibu la kitabuni. Mkewe ndiye aliyesema: "Afadhali tudaiwe na shule." Alichukua likizo aliyokuwa nayo, kisha akaenda kumweleza mwajiri ukweli, jambo alilolihofia kuliko kipimo chochote. Akapewa kazi ya kukagua magari uani kwa mwezi mmoja na nusu, kwa malipo madogo, na wakauza ng'ombe mmoja.

Kipimo cha pili, akiwa na kifaa kinywani, kilionyesha matukio 7 kwa saa. Presha ilishuka kiasi, ingawa dawa bado anameza. Amerudi barabarani. Utingo wake alimcheka alipoona akivaa "meno ya plastiki" kibandani, hadi usiku wa tatu alipogundua kwamba yeye mwenyewe amelala bila kuamshwa na kelele.

Mkewe alikuja juzi kwa shida nyingine, mgongo. Nilimuuliza kama bado huhesabu pumzi. Alisema huhesabu bado, kwa mazoea, lakini hulala kabla ya kufika kumi.